Mahali Panapoitwa Nisubiri

Maktaba ya shule yetu zamani ilikuwa bwalo la chakula. Walipojenga bwalo jipya wakaleta rafu na meza ndefu, kisha wakaniajiri mimi. Iko mwisho kabisa wa uwanja, nyuma ya miti ya migrivea, na mtu akija kwangu ujue amekusudia, maana hakuna anayepita pale akielekea kwingine. Shule yenyewe iko kando ya barabara ya Moshi, kabla hujafika Usa River. Kutoka dirishani kwangu yanaonekana mabanda meupe ya mashamba ya maua, na nyuma yake, siku ambazo mawingu yamependa, unaonekana Mlima Meru.

Mimi ni mkutubi, lakini kwenye ratiba nina kipindi kimoja kwa wiki na Kidato cha Tano, Jumatano baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata nzi wamechoka. Kinaitwa stadi za utafiti. Nawafundisha wanafunzi kutafuta habari, kuipima kama inafaa, na kusema wameitoa wapi. Hakina mtihani. Walimu wenzangu wakikaa ofisini na chai yao wanazungumza matokeo: fizikia imepanda, historia imeshuka. Wananipokea vizuri, wananisogezea sahani ya maandazi, halafu mazungumzo yanaendelea bila mimi, kwa sababu somo langu halipandi wala halishuki. Mara nyingi huinuka mapema nikarudi zangu kwenye vitabu.

Nyumbani ni Olasiti, upande wa pili wa jiji. Nyumba tuliijenga mimi na mume wangu, chumba kwa chumba, tukahamia kabla hata ya kuweka dari. Hatukujaaliwa watoto. Alipofariki, kwa ugonjwa wa figo uliomchukua polepole, ndugu zake walimzika kwao, upande wa juu wa barabara kuu, katikati ya migomba. Yeye alikuwa Mmeru. Mimi kwetu ni Kilimanjaro. Kwa hiyo kila asubuhi nikienda kazini napita njia panda inayopanda kwenda kwenye kaburi lake, na kila jioni naipita tena. Siku za mwanzo nilikuwa nageuza shingo. Siku hizi naangalia mbele.

Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni mlimani. Nitafika huko.

Kipindi changu nilikuwa nimekitafutia njia yangu mwenyewe. Ubaoni niliandika maswali manne kwa Kiingereza, kama shule inavyotaka, halafu nikayaeleza kwa Kiswahili ili yaingie. Nani amesema? Amejuaje? Anapata nini ukimwamini? Na wengine wanaosema hivyohivyo, wao wameyatoa wapi? Hilo la mwisho ndilo lililowashinda. Mwanafunzi anakuja na uso wa ushindi, anakwambia, "Madam, tovuti kumi zimesema." Namuuliza, "Watu kumi wakisikia habari kwa mtu mmoja, una mashahidi wangapi?" Wanaelewa siku ile. Wiki inayofuata wamesahau.

Kuna mmoja aliniletea insha juu ya kahawa ya Meru yenye orodha ndefu ya vitabu chini yake. Kitabu kimojawapo kilinivutia, nikakitafuta kutwa nzima, nikaandikia hata wakutubi wenzangu mjini. Hakuna aliyekijua. Nilimwita kijana nikamwambia aniletee hicho kitabu nikione. Akainama.

"Madam, ile programu ya akili mnemba ndiyo iliyonipa. Nadhani kitabu chenyewe hakipo, ila jina lake limekaa vizuri."

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao. Nilipokuwa nafuta ubao nikagundua sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini nikiwa mbele ya watu.

Darasa la mwaka uliofuata lilikuwa na binti mmoja mwembamba, mrefu, aliyezoea kuandika hata yale ambayo sijayaandika ubaoni. Kwao ni magharibi ya mlima, upande mkavu, ambako watu wanalima mahindi na maharage na kuchunga ng'ombe. Nyumbani wanazungumza Kimaa. Kiswahili alikipata shuleni, na labda ndiyo sababu alikisema kwa uangalifu, neno moja likikanyagwa vizuri kabla ya kwenda kwenye lingine. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua mada ya utafiti wake, asimamiwe na mwalimu wa somo, na mimi niangalie vyanzo. Yeye alichagua majina ya mahali katika Mlima Meru: nani aliyaweka, kwa lugha gani, na yanatuambia nini juu ya watu waliopita pale. Mwalimu wa jiografia ndiye aliyemsimamia.

Alikuja maktaba alasiri moja ya mwezi wa saba, siku ya baridi ile ya kwetu inayoingia hadi kwenye mifupa. Nilikuwa peke yangu, nabandika namba kwenye migongo ya vitabu.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Vuta kiti."

Alitandaza karatasi zake mezani. Majina mengine alikuwa ameshayafuatilia vizuri, akaonyesha lipi ni la Kimaa, lipi la Kimeru, lipi liliwekwa na wazungu. Halafu akasema, "Kuna moja zuri sana, lakini linanisumbua. Liko kwenye njia ya kupanda, kati ya kibanda cha kwanza cha kulala wapandaji na cha pili. Panaitwa Nisubiri."

Niliweka chini kitabu nilichokuwa nimeshika.

"Panaitwaje?"

"Nisubiri. Wanasema ni jina la kale. Bibi harusi alikuwa anamfuata mume wake mlimani, ukungu ukashuka, akawa anamwita amsubiri. Mume hakusikia. Yule bibi harusi akageuka jiwe." Alipekua karatasi. "Kwenye tovuti nyingine si bibi harusi, ni mama wa morani. Nyingine wanasema alikuwa Mmasai, nyingine Mmeru. Tovuti ni nyingi sana, madam. Za kampuni za utalii, za wazungu waliopanda, hata moja ya mambo ya mila."

Nilijua ananisubiri niseme kitu. Nikamuuliza swali la mwalimu, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. "Sasa kinachokusumbua ni nini?"

"Hili neno ni Kiswahili," alisema. "Bibi yangu mpaka leo Kiswahili kinampa tabu. Mmasai wa kale, yuko peke yake na mume wake mlimani, atamwita kwa Kiswahili?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini neno lile sikuwa nimelisikia kwa mdomo wa mtu tangu mume wangu afariki, na sauti yangu sikuiamini. Nilimwambia tu kwamba swali lake ni zuri, na kwamba azipange zile kurasa kwa tarehe, ya zamani kuliko zote iwe juu, aone nani amenakili kwa nani. Nilimwonyesha jinsi ya kutafuta kurasa zilizokwisha ondolewa kwenye mtandao lakini zikahifadhiwa. Alishukuru, akakusanya karatasi zake, akaondoka. Nilibaki nimekaa mpaka mlinzi alipokuja kuuliza kama afunge.

Mlima ule nimeupanda mara moja tu. Ulikuwa mwaka wa pili wa ndoa yetu, msimu wa mvua ambao wageni hawaji na mume wangu alikuwa hana kazi. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana mlima una nyati na huruhusiwi kupanda bila askari. Viatu nilikuwa nimeazima kwa jirani aliyenizidi mguu, nikajaza soksi mbele. Siku ya kwanza nilijitahidi. Siku ya pili, baada ya kibanda cha kwanza, njia ikawa ngazi juu ya ngazi katikati ya miti iliyofuga ndevu za kijivu, na mimi pumzi ikakata. Yeye alikuwa na mwendo wa kazi. Hata akijizuia anakuacha. Nikawa namwita. Nisubiri. Anasimama, namfikia, anatembea tena, namwita tena. Askari alikuwa anacheka kimya kimya, namwona mabega.

Mwishowe nilifika kwenye jiwe bapa nikakaa, nikasema siendi popote. Mume wangu alirudi akakaa pembeni yangu. Nilimwambia waendelee wawili, wafike kileleni, wanikute njiani wakirudi. Alisema kileleni amefika mara nyingi na hakuna mtu kule. Tukala mayai ya kuchemsha. Ukungu ulifunga mpaka askari aliyekuwa hatua chache kutoka kwetu hatukumwona, tukawa tunasikia tu anavyokohoa.

"Mahali hapa ni pako," mume wangu alisema. "Patakuwa panaitwa Nisubiri. Nitapaandikisha."

Nilimwambia mlima si shamba la baba yake. Tulishuka siku hiyohiyo.

Miaka yote iliyofuata jina lile lilikuwa letu la ndani. Jumapili nikichelewa kuvaa kwa ajili ya ibada, anasimama mlangoni na ufunguo mkononi: "Mama Nisubiri, kengele imeshalia." Nikimpigia simu yuko safarini, anapokea hivyo. Hakuna ndugu aliyelijua. Sikuwahi kumsikia akilitaja mbele za watu. Nilidhani limezikwa naye.

Wiki iliyofuata yule binti alirudi. Alikuwa ameandika kurasa zote kwa mpangilio wa tarehe, mstari ukitoka kwenye huu kwenda kwenye ule, kama ukoo. Bibi harusi alionekana katikati. Mama wa morani alikuja baadaye. Kugeuka jiwe kulikuwa kwa juzijuzi tu. Na juu kabisa, peke yake, kulikuwa na ukurasa mmoja wa kampuni ya utalii ya hapa mjini ambayo ilishafungwa siku nyingi.

"Huu ndio wa zamani kuliko wote," alisema. "Umeandikwa kwa Kiingereza kibovu kidogo, lakini wote wametoa hapa. Hauna bibi harusi. Nimeuchapa."

Aliniwekea karatasi mbele. Yalikuwa maelezo mafupi ya njia ya kupanda mlima, hayana jina la mwandishi. Nilisoma kwa haraka mpaka nilipofika kwenye vibanda. Pale palisema kwamba kutoka kibanda cha kwanza kwenda juu ni muda wa kuchemsha maharage yaliyolowekwa, na kwamba kuna jiwe bapa, ukichoka ukae, mlima haukimbii. Kisha: wenyeji wanapaita mahali hapa Nisubiri.

Mume wangu hakuwahi kutaja umbali kwa saa. Kutoka Olasiti mpaka mjini, kwake kulikuwa ni muda wa chai kupoa. Kwenda kwao mlimani ni muda wa kupika makande. Nilikuwa namwambia wageni watamshangaa. Na wenyeji aliowasema tulikuwa sisi wawili.

Nilitoka nje, nikasimama chini ya migrivea. Kulikuwa na wanafunzi wanacheza mpira wa wavu, sauti zao zinafika lakini maneno hayafiki. Niliporudi binti alikuwa amesimama.

"Madam, nimekosea?"

"Hujakosea. Kaa. Namjua aliyeandika huu ukurasa."

Akashika kalamu. "Nani?"

"Mume wangu."

Alijua kwamba mimi ni mjane. Shule nzima inajua. Aliweka kalamu chini akasema pole. Nikamsimulia. Sikuwa nimemsimulia mtu habari ile kabla, na nilipokuwa naisema niliona ilivyo ndogo: mwanamke mwenye viatu vya kuazima amechoka, mume wake amekaa naye. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Naomba kuuliza, madam. Si kwa ubaya."

"Uliza."

"Ulimwona akiandika?"

"Hapana."

"Alikwambia ameandika?"

"Alisema atapaandikisha. Nilijua ni utani."

"Sasa umejuaje ni yeye?"

Nilimweleza juu ya maharage na makande. Aliitikia kwa kichwa taratibu, lakini nikaona jibu halijamtosha. "Waongoza wageni wengine hawakuwa wanasema hivyo? Labda walikuwa wanasemaga wote."

"Sijui," nilisema. Na kweli sikujua.

"Kuna mtu mwingine aliyekuwepo siku ile?"

"Askari wa hifadhi. Sijui yuko wapi."

Aliangalia meza. Nilijua swali gani limebaki kati ya yale manne, na nilijua kwamba mtoto aliyelelewa kwa heshima namna ile hawezi kulitamka. Nikamwambia alitamke.

"Na wewe, madam," alisema, hajanitazama, "unapata nini nikikuamini?"

Nilitafuta jibu la kweli.

"Napata mtu mwingine anayejua," nilimwambia.

Hakuandika hilo. Alikunja ile karatasi, akaifungua tena, akauliza kama anaweza kuja wiki ijayo, nami nikamwambia aje.

Katikati hapo nilifanya nilichowafundisha wao wafanye. Nilimpigia shemeji yangu, mdogo wa marehemu, nikamwomba aulizie yule askari. Alishangaa, maana huwa tunapigiana kwa misiba na Krismasi tu, lakini aliulizia. Akanijibu kwamba mzee yule alistaafu akarudi kwao Singida, na huko amefariki. Shemeji aliniuliza ninamtafutia nini. Nikasema ni mambo ya shule. Ile kampuni nilipata jengo ilipokuwa, maeneo ya Themi. Sasa ni duka la dawa, na dada wa kaunta alikuwa hajazaliwa au alikuwa mtoto mchanga kampuni ilipokuwepo. Nyumbani nilipekua vitu vya mume wangu kwa mara nyingine: koti la mvua, darubini yenye kioo kimoja, vitambulisho vya kazi. Hakuwa mtu wa kuweka karatasi. Nilirudisha vyote mahali pake.

Kwa hiyo jambo lile lilikuwa limebaki kwangu tu. Nilikuwa nimezoea kukaa peke yangu mezani, kanisani, kwenye nyumba. Kuwa peke yako ndani ya jambo ambalo mtandao mzima unalijua vibaya ilikuwa namna nyingine. Watu wa nchi nisizozijua walikuwa wamepiga picha kwenye jiwe langu, wakaandika juu ya bibi harusi. Nilisoma maelezo yao jioni baada ya jioni. Mmoja aliandika kwamba alipofika pale alilia na hajui kwa nini. Niliifunga kompyuta.

Binti alipokuja nilimweleza matokeo. Askari amefariki, kampuni haipo, karatasi hakuna. Alinisikiliza kama daktari anavyosikiliza, kisha akafungua kazi yake mahali alipokuwa ameorodhesha vyanzo.

"Huu ukurasa wa kwanza, sehemu ya mwandishi nimeiacha wazi," alisema. "Ukiniambia niandike jina lake, nitaandika."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Jina la mume wangu liko kwenye msalaba wa zege kule kwenye migomba, na kwenye bili ya umeme ambayo sijabadilisha. Nilitaka sana liwe mahali pengine tena. Ningesema ndiyo, lingekaa pale, na hakuna mtu shuleni ambaye angehoji. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaniamini. Niliona kwenye uso wake.

"Ukurasa una jina?" nilimuuliza.

"Hauna."

"Kuna kitu kingine nje ya maneno yangu kinachoonyesha ni yeye?"

"Hakuna, madam."

"Basi andika mwandishi hajulikani."

Hakuandika mara moja. "Lakini wewe unajua."

"Mimi najua. Mtu atakayesoma kazi yako hanijui mimi. Sehemu ile ni ya kilichoandikwa kwenye ukurasa."

Aliandika, herufi moja moja. Niliangalia anavyoandika. Kisha akaruka chini kwenye orodha, kwenye herufi inayoanza jina langu, akaandika jina langu, na mbele yake: mahojiano ya ana kwa ana, maktaba ya shule. "Haya niliyoyasikia kwako nitayaweka kama uliyosema wewe," alisema. "Nitaandika kwamba ni mtu mmoja na kwamba sikuweza kuyathibitisha. Ni sawa?"

"Ni sawa kabisa," nilimwambia. Nilimpa alama zote za vyanzo. Zilikuwa zake kwa haki.

Siku ya kuwasilisha kazi walialikwa wazazi wachache na wageni. Binti alisimama mbele na ukoo wake wa kurasa umekuzwa kwenye karatasi kubwa, akaeleza jina lilivyoanza kama sentensi moja isiyo na mwenyewe na bibi harusi alivyoongezwa njiani. Mzazi mmoja aliyefanya kazi ya utalii aliinua mkono. Alisema kwa upole kabisa kwamba waongoza wageni wake wote wanaijua ile hadithi, kwamba ni urithi, na kwamba si vizuri vijana wakianza kuvunja mila zao kwa kompyuta.

"Sijasema jina ni la uongo," binti alijibu. "Sasa hivi panaitwa Nisubiri, na hilo ni kweli kwa sababu watu wanapaita hivyo. Ninachosema ni kwamba si la kale, na bibi harusi sikumpata."

"Na huyu mkutubi uliyemnukuu?" mzazi aliuliza. Hakujua kwamba nimekaa nyuma yake.

"Ni chanzo kimoja. Mimi ninamwamini, lakini nimeandika hivyohivyo, kwamba ni kimoja."

Watu walipiga makofi ya kawaida. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa kijana aliyetengeneza mtambo wa gesi ya samadi, na ilimstahili. Binti alimaliza Kidato cha Sita akaenda chuo Dodoma. Kazi yake niliitia jalada gumu, nikaipa namba, nikaiweka kwenye rafu ya jiografia. Hajaiazima mtu.

Mwisho wa mwaka walimu tulifanya matembezi ndani ya hifadhi, ya mchana tu, sehemu ya chini. Mwongoza wageni wetu alikuwa dada mchangamfu, anaongea huku anatembea kinyumenyume ili atuone. Tulipofika kwenye uwanda walimolala nyati, mlima ulikuwa umefunguka mpaka nusu. Akanyoosha mkono kwenye msitu wa juu, akasema kule kwenye mawingu kuna mahali panaitwa Nisubiri, akaanza habari ya bibi harusi. Mwalimu wa jiografia alinitazama. Wengine walikuwa wanarekodi kwa simu.

Alipomaliza nilimuuliza ameisikia kwa nani.

"Ni ya zamani, mama. Tumeikuta." Kisha akauliza, "Wewe umewahi kupanda?"

"Zamani. Niliishia hapo hapo."

"Basi wewe unapajua kunizidi," alisema. "Mimi kazi nimeanza mwaka huu, bado sijapelekwa juu. Pakoje?"

Nilimwambia kuna jiwe bapa, linatosha watu wawili, na kwamba ukungu ukifunga huoni kitu. Alisema atakumbuka. Akawageukia wengine kuwaonyesha twiga.

Tukirudi kwa basi, mwalimu wa jiografia alihama kiti chake akaja kukaa karibu na mimi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Halafu akaniuliza, kwa dhati, hadithi kama ile aliyotusimulia yule dada, mwanafunzi akitaka kuitumia, anaiandikaje kwenye orodha ya vyanzo. Nikamweleza: jina la msimulizi, mahali, siku, na kwamba ni simulizi ya mdomo. Aliuliza na kama msimulizi hajui ilikotoka. Nikasema unaandika hivyo pia. Aliandika kwenye simu yake. Alishuka Usa River, anakoishi na familia yake, akanipungia mkono akiwa chini. Basi lilibaki na watu wachache tu, na mjini kila mtu akashuka. Olasiti nilifika giza likianza kuingia, nikafungua mlango, nikawasha taa ya sebuleni.